Mzee na Deni la Reti: Jinsi ya Kuomba Nafuu Kaunti, Hatua kwa Hatua

Kila notisi za reti, yaani kodi ya ardhi ya kaunti, zinapotoka, maswali ni yale yale kutoka Migosi mjini Kisumu hadi Section 58 mjini Nakuru. "Mama ana miaka 74, hana pensheni, ploti ina deni la miaka tisa. Wazee hawasamehewi?" "Nikienda na kitambulisho chake wataliondoa?" "Nilisikia msamaha umetangazwa, mbona bili haijashuka?"

Jibu la kwanza ni gumu, lakini ni heri ulijue mapema: umri peke yake haushushi bili. Usikae ukingoja deni lifutike kwa sababu mzee amefikisha miaka 60 au 70. Nafuu ipo. Ila huombwa kwa maandishi, huamuliwa na mwenye mamlaka kisheria, na lazima iwekwe kwenye rekodi. Anayelijua hilo hahangaiki dirishani na makarani wasioweza kumsaidia.

Mwongozo huu ni wa mzee mwenye kipato kidogo anayeishi kwenye nyumba yake mjini Nakuru, Kisumu, Kakamega au miji mingine ya magharibi mwa Kenya, na wa mtoto au mjukuu anayemshughulikia.

Kwanza jua unadaiwa nini, na nani

Watu wengi huchanganya madeni mawili. Reti hulipwa kaunti, na ndiyo tunayoizungumzia hapa. Renti ya ardhi hulipwa serikali ya kitaifa, na huwahusu wenye ardhi ya kukodi kwa miaka maalumu peke yao. Tazama karatasi ya ploti. Ikiwa imeandikwa Certificate of Lease, mzee ana madeni yote mawili ya kufuatilia. Ikiwa ni Title Deed ya umiliki wa kudumu, kama ploti nyingi za Manyatta na Nyalenda kule Kisumu, renti haipo. Kaunti haiwezi kusamehe renti ya ardhi, na Wizara ya Ardhi haiwezi kusamehe reti. Barua ikienda mlango usio wake hupotea tu.

Kama mzee anaishi nyumba ya kaunti, mfano Flamingo au Kivumbini huko Nakuru, au Ondiek kule Kisumu, yeye ni mpangaji. Anacholipa ni kodi ya nyumba, na njia yake ni nyingine. Kuna pia wanaodhani cheti cha KRA (mamlaka ya ushuru ya kitaifa) cha kusamehewa kodi ya mapato kwa sababu ya ulemavu kinafuta reti. Hakifuti, ingawa ni ushahidi mzuri wa kuambatisha kwenye ombi.

Nafuu zenyewe

Ya kwanza ni msamaha wa jumla. Kaunti hutangaza kwamba atakayelipa deni la msingi kabla ya tarehe fulani atasamehewa riba na adhabu, zote au sehemu. Huu hauangalii umri wala kipato. Ukitangazwa nawe una uwezo wa kuchangisha fedha za msingi, uchukue, maana ni wa haraka kuliko zote. Lakini soma sharti: msingi ulipwe wote, tena kabla ya tarehe. Ukipungukiwa hata shilingi mia mbili, hujatimiza sharti.

Ya pili ndiyo kiini cha mwongozo huu: msamaha wa mtu binafsi kwa sababu ya ugumu wa maisha. Kifungu cha 159 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinampa waziri wa fedha wa kaunti uwezo wa kusamehe kodi au ada ya kaunti, mradi kuna sheria inayoruhusu na sababu imewekwa kwenye rekodi ya umma. Ibara ya 210 ya Katiba inadai rekodi hiyo hiyo, na kila msamaha uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Kwa hiyo karani hawezi kukusamehe, mwakilishi wadi hawezi, wala mzee wa mtaa. Ahadi ya mdomo haishushi bili.

Ya tatu ni kulipa kwa awamu. Huwa rahisi kukubaliwa, na huenda vizuri pamoja na ya pili.

Ya nne ni kupinga thamani ya ploti, lakini dirisha lake hufunguka kaunti inapotangaza orodha mpya ya uthamini, kwa siku zinazotajwa kwenye tangazo. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Miji yetu mingi imetoza reti kwa thamani ya ardhi tupu, bila kuhesabu nyumba. Ndiyo maana mama mwenye nyumba ya mabati yenye kutu huweza kulipa sawa na jirani mwenye ghorofa. Basi usijaze barua maelezo ya nyumba kuukuu na ukuta uliopasuka ukidhani utapunguziwa thamani. Kinachobeba ombi lako ni mapato ya mzee.

Vitu vya kuandaa

- Kitambulisho cha mzee na nakala mbili.
- Nakala ya hatimiliki au cheti cha kukodi.
- Matokeo ya sachi rasmi ya ardhi, yaani ukaguzi wa rekodi ya ploti kwenye masjala, ya hivi karibuni.
- Stetimenti ya reti inayoonyesha mwaka mmoja mmoja. Bili ya jumla haitoshi.
- Risiti zote za zamani, hata zilizochakaa. Zile za manispaa za kabla ya 2013 zina thamani kubwa kuliko unavyodhani.
- Ushahidi wa mapato: uthibitisho wa Inua Jamii (mpango wa serikali wa fedha za kila mwezi kwa wazee) kama yumo, karatasi ya pensheni kama anayo, na stetimenti ya M-Pesa ya miezi sita.
- Ushahidi wa gharama zisizoepukika: kadi ya kliniki ya sukari au presha, risiti za dawa.
- Barua ya chifu.
- Ikiwa ploti ni ya marehemu: cheti cha kifo, na hati za usimamizi wa mirathi kama zipo.

Barua ya chifu isiwe ile ya "namfahamu, ni mkazi wa eneo langu". Hiyo haithibitishi chochote. Mwombe kwa heshima ataje mambo matatu: kwamba mzee anaishi kwenye nyumba hiyo mwenyewe, kwamba hana nyumba nyingine ya kupangisha, na kwamba hana ajira wala biashara. Iwe na nambari ya ploti, tarehe na muhuri.

Hatua

1. Fanya sachi. Iombe kupitia eCitizen au kwenye masjala ya ardhi. Linganisha jina lililo kwenye sachi, lililo kwenye bili ya reti na lililo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Tofauti ya jina moja tu inatosha kuliweka faili kando. Majina yakitofautiana kwa tahajia, mzee aape hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja.

2. Chukua stetimenti ya mwaka kwa mwaka. Nenda afisi ya mapato ya kaunti na nambari kamili ya ploti, yaani jina la eneo, bloku na nambari. "Ile ploti ya karibu na kanisa" haitafutiki. Kwenye stetimenti tenga kiasi cha aina tatu: reti ya mwaka huu, malimbikizo ya msingi ya miaka iliyopita, na riba au adhabu.

Tuchukue mfano. Reti ni Sh5,400 kwa mwaka, na deni ni la miaka tisa. Msingi ni Sh48,600. Tuseme riba na adhabu zimefika Sh37,200. Jumla ni Sh85,800. Mzee anayetegemea Inua Jamii hupata Sh2,000 kwa mwezi, yaani Sh24,000 kwa mwaka. Hata asipokula wala kununua dawa mwaka mzima, hafikii nusu ya msingi. Hesabu hiyo moja, ikiandikwa wazi, ina nguvu kuliko kurasa mbili za kulalamika.

3. Kagua makosa kabla ya kuomba huruma. Linganisha risiti zako na stetimenti. Kaunti zilipochukua kazi za manispaa mwaka 2013, malipo ya zamani huenda hayakuhamishwa yote kwenye rekodi mpya. Kuna pia malipo yanayoingia kwenye ploti ya jirani kwa sababu ya tarakimu moja. Ukikuta kosa, andika barua ya kurekebisha peke yake, na uambatishe nakala za risiti. Usiombe kusamehewa deni ambalo lilishalipwa, maana ukiomba msamaha ni kama umekubali kwamba unadaiwa.

4. Uliza sheria ya kaunti yako. Swali lenyewe liwe hivi: "Ni sheria gani ya kaunti inayoruhusu msamaha wa reti kwa ugumu wa maisha, na je, kuna fomu?" Inaweza kuwa sheria maalumu ya msamaha wa kodi, sheria ya reti au Sheria ya Fedha ya mwaka huo. Andika jina na mwaka wake. Kukiwa na fomu, ijaze, lakini barua iambatane nayo, kwa kuwa fomu haina nafasi ya kueleza.

5. Panga ombi linaloweza kukubalika. Kuomba kufutiwa kila kitu mara nyingi huishia kwenye kimya. Ushauri wetu: omba riba na adhabu zisamehewe zote, kisha utoe mpango wa kulipa msingi. Kama mzee kweli hana wa kumsaidia, omba pia sehemu ya msingi, na useme ni kwa nini.

Mpango wa awamu uhesabiwe kwa makini. Sh48,600 kwa miezi 24 ni Sh2,025 kwa mwezi, zaidi ya fedha yote ya Inua Jamii. Mpango huo utavunjika mwezi wa pili. Kwa miezi 36 ni Sh1,350. Lakini reti ya kila mwaka mpya inaendelea, na Sh5,400 ni Sh450 kwa mwezi. Kwa hiyo mzigo halisi ni Sh1,800. Keti na ndugu zako, mkubaliane nani anatoa ngapi, kabla ya kuandika hata mstari mmoja.

6. Andika barua. Ukurasa mmoja unatosha. Kiswahili ni lugha rasmi kwa Ibara ya 7 ya Katiba, kwa hiyo mzee aandike kwa lugha anayoielewa anapotia sahihi. Mfano:

> Kwa Waziri wa Fedha, Serikali ya Kaunti ya ........
> Kupitia kwa Mkurugenzi wa Mapato
>
> KUH: OMBI LA KUSAMEHEWA RIBA NA ADHABU ZA RETI, NA KULIPA DENI LA MSINGI KWA AWAMU. PLOTI NAMBARI ........
>
> Mheshimiwa,
>
> Mimi ni mjane wa miaka 74 na ninaishi kwenye nyumba iliyo kwenye ploti iliyotajwa hapo juu. Sina nyumba nyingine wala mpangaji.
>
> Kwa mujibu wa stetimenti ya tarehe ........, ninadaiwa Sh48,600 za msingi na Sh37,200 za riba na adhabu. Mapato yangu ni Sh2,000 kwa mwezi za Inua Jamii. Dawa zangu za presha hugharimu Sh........ kwa mwezi.
>
> Ninaomba, chini ya Kifungu cha 159 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma na Sheria ya Kaunti ya ........, nisamehewe riba na adhabu zote. Deni la msingi nitalilipa kwa Sh1,350 kwa mwezi kwa miezi 36, pamoja na reti ya kila mwaka, kwa msaada wa wanangu. Ninaomba pia riba isiongezwe maadamu ninalipa kwa mpango huu.
>
> Ninaomba uamuzi na sababu zake kwa maandishi.
>
> Wako mwaminifu,
> Jina, sahihi au alama ya kidole gumba, nambari ya simu

Sentensi ya riba isiongezwe usiiache. Bila hiyo mzee anaweza kulipa miaka mitatu huku riba inakua nyuma yake.

Akitia kidole gumba, shahidi aandike jina na nambari ya kitambulisho, na athibitishe kwamba mzee alisomewa akaelewa.

7. Peleka nakala mbili, urudi na moja yenye muhuri. Muhuri wa kupokelewa uwe na tarehe. Nakala hiyo ndiyo ushahidi wako kwamba ombi lipo. Karani akikataa kupiga muhuri, tuma kwa posta ya rejista na uhifadhi risiti. Kwa Nakuru na Kisumu, peleka pia nakala kwa meneja wa jiji.

8. Anza kulipa kidogo huku ukingoja, lakini uliza kwanza. Uliza fedha ikiingia inakata nini: msingi au riba. Kama inakata riba kwanza, utakuwa unalipa kile unachoomba kusamehewa. Katika hali hiyo lipia reti ya mwaka huu kama mfumo unaruhusu. Lipa kwa nambari ya paybill iliyo kwenye bili rasmi ya kaunti, andika nambari ya ploti kama akaunti, na uhifadhi ujumbe wa M-Pesa pamoja na risiti.

9. Fuatilia. Baada ya mwezi mmoja andika barua fupi ya kukumbusha, ukitaja tarehe ya muhuri. Kimya kikiendelea, tuma ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ukitaka kujua ombi liko wapi na rekodi ya uamuzi. Afisi ina siku 21 za kulijibu.

10. Ombi likikubaliwa, thibitisha. Barua ya msamaha itaje ploti, kiasi, miaka inayohusika na sheria iliyotumika. Baada ya wiki mbili chukua stetimenti mpya. Mpaka stetimenti ishuke, kazi haijaisha.

Ploti ikiwa bado kwa jina la marehemu

Hili ndilo tatizo tunaloulizwa zaidi, hasa na wajane. Mjane anaweza kuandika kama mjane anayeishi hapo, akaambatisha cheti cha kifo na barua ya chifu. Msamaha wa riba huweza kufikiriwa hivyo. Lakini anzisha mirathi sasa. Kwa Sheria ya Urithi mjane yuko mstari wa mbele kuomba usimamizi. Mahakama ya hakimu hushughulikia mali isiyozidi Sh20 milioni, kulingana na cheo cha hakimu, kwa hiyo ploti ya kawaida haihitaji Mahakama Kuu. Utahitaji barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, na uthibitisho wa mwisho kwa kawaida husubiri miezi sita baada ya hati kutolewa. Asiye na fedha za wakili aulize Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

Tahadhari kubwa: kulipa reti hakumfanyi mtu kuwa mwenye ardhi. Mpwa akilipa deni lote la shangazi, risiti ni za ploti, na ploti ni ya aliye kwenye hatimiliki. Vilevile mzee asihamishe hatimiliki kwa mtu yeyote "ili msamaha upatikane haraka". Hakuna msamaha unaohitaji hivyo. Anayelipendekeza anaitafuta nyumba.

Makosa yanayoangusha maombi

Kuficha mapato. Kama kuna vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba, viandike pamoja na kodi yake. Afisa akifika akakuta wapangaji, hata ukweli mwingine wote wa barua hautaaminiwa. Fedha za watoto zinazoonekana kwenye M-Pesa zielezwe kwa mstari mmoja: hii ilikuwa ya hospitali, hii ya chakula.

Kuacha hatimiliki halisi kwenye afisi au kwa broka. Peleka nakala. Ya asili ionyeshwe, ikaguliwe, irudi mkobani saa ile ile.

Kumlipa mtu wa "kufuta kwenye kompyuta". Msamaha usio na barua na rekodi unaweza kurudishwa kama deni, na riba juu yake.

Kungoja hadi mzee afariki. Deni la reti hubaki juu ya ardhi, na watoto watakutana nalo siku ya kuhamisha ploti, kwa kuwa masjala hudai cheti cha kutodaiwa reti.

Mambo yakikwama

*"Mfumo hauoni ploti yako."* Huenda iligawanywa na bili bado inatoka kwa nambari mama. Peleka sachi na ramani ya mgawanyo, uombe akaunti mpya na deni ligawanywe kwa ukubwa.

*"Hakuna msamaha kwa sasa."* Karani anazungumzia msamaha wa jumla. Mwambie ombi lako ni la mtu binafsi, na lipokelewe lijibiwe kwa maandishi.

*Ombi limekataliwa bila sababu.* Ibara ya 47 ya Katiba inampa mzee haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ziombe. Zikikosekana, peleka malalamiko kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala. Ina afisi Kisumu, na huduma yake ni bure.

*Limekubaliwa, bili haijashuka.* Rudi na barua ya msamaha kwa mkurugenzi wa mapato, usianzie dirishani. Omba stetimenti ichapishwe ukiwa hapo.

*Umekosa awamu mbili.* Andika kabla hujaandikiwa. Eleza kilichotokea, lipa chochote ulicho nacho, na upendekeze kiasi kidogo zaidi.

*Samansi ya mahakama imefika.* Ombi la msamaha halisimamishi kesi. Jibu ndani ya siku zilizoandikwa kwenye samansi, uambatishe nakala yenye muhuri na risiti za awamu, na uombe mahakama iwape nafasi ya kuelewana na kaunti. Mzee asiyeweza kutembea asikae nyumbani bila neno: mtoto afike siku hiyo na barua ya daktari, na mapema kabla ya hapo amtafute wakili wa msaada wa kisheria.